Mkono wa mrushaji: mashini inapima mpira, lakini nani anapima kisukusuku?

Mwezi wa kumi na mbili 2022, ekipe ya besiboli ya Texas Rangers, huko Marekani, ilifunga kontra ya miaka mitano na Jacob deGrom, mwanaume wa miaka 34. Bei yake: dola milioni 185. Kazi yake ni kurusha mpira mdogo wa gramu 145 hivi, basi. Saizoni ya 2023 ikaanza, akaanzisha mechi sita, halafu kano ya kiwiko, kile kwetu tunaita kisukusuku, ikaharibika. Mwezi wa sita alipasuliwa. Mechi sita kwa mwaka mzima.

Tusiwacheke Rangers haraka. Walijua wananunua nini. Mwaka 2021, kabla mwili haujamsimamisha katikati ya saizoni, deGrom alifanya kazi ambayo wazee wa mchezo ule hawakuwa wameiona mara nyingi. Tena walijua kwamba kisukusuku kile kile kilikuwa kimekwisha kupasuliwa mwaka 2010, zamani kabla hajafika ligi kuu. Walitazama ubora kwa jicho moja, uzima kwa jicho lingine, wakaweka feza mezani.

Sisi hapa Katanga tumezoea mupira wa miguu. Besiboli wengi wetu tunaiona kwenye filamu tu, na hatuoni juu ya nini wanaume wale wanasimama muda mrefu hivyo bila kukimbia. Lakini kuna kitu ndani yake ambacho mtu wa mgodi atakielewa mbele ya mtu wa ofisi: namna ya kupima thamani ya kazi ya mkono. Kwenye depo, negosiani haangalii tu rangi ya jiwe. Analiweka chini ya metoreksi, mashini inasema teneri, bei inafuata. Wamarekani nao wamepata metoreksi yao ya mpira. Inapima kila mpira unaorushwa, katika viwanja vyote 30 vya ligi kuu, tangu mwaka 2015. Na watu wengi wanaosoma hesabu za mashini ile hata hawana ekipe ya kweli. Wako na ekipe za karatasi.

Mchezo huo wa karatasi wanauita fantasi. Vijana wetu wanaofuata ligi ya Uingereza kwa simu wanajua kitu kama hicho. Wa besiboli ulizaliwa mapema zaidi, mwaka 1980, kwa mwandishi mmoja, Daniel Okrent, na marafiki wake. Walikuwa wakikutana kula katika restora moja ya New York yenye jina la kifaransa safi: La Rôtisserie Française. Restora ilikwisha kufungwa, jina likabaki. Hata leo, namna ile ya kucheza wanaiita Rotisserie, na pengine wengi wanaolisema hawajui kwamba ni habari ya nyama ya kuchoma.

Inaendaje? Marafiki kumi ama kumi na wawili wanakutana kabla ya saizoni. Kila mmoja anapewa dola 260 za karatasi ili anunue wachezaji 23 kwa mnada. Wachezaji ni wa kweli, wa ekipe mbalimbali. Kisha, kwa miezi sita, kila wanachofanya uwanjani kinaandikwa kwenye hesabu ya yule aliyewanunua. Wengi wanaweka pia feza ya kweli kidogo. Si likelemba kamili, maana hakuna zamu ya kila mtu: mwisho wa saizoni anayeshinda njo anabeba. Na si kama kuponi ya pari, ambayo inaishia jioni ile ile. Hapa ukikosea mwezi wa tatu, utalia mpaka mwezi wa tisa.

Sasa kazi yenyewe. Mrushaji anasimama juu ya kilima kidogo cha udongo, mita 18.44 mbali na mpigaji. Mpigaji ana fimbo. Mpira ukipita ndani ya dirisha fulani mbele yake, kati ya magoti na kifua, ama akiufuata kwa fimbo akaukosa, ni straiki. Straiki tatu, anatoka. Hiyo inaitwa straikauti. Mipira minne ikipita nje ya dirisha naye asiifuate, anapewa kituo cha kwanza bure. Akipiga vizuri, anakimbia. Mkimbiaji akizunguka vituo vyote vinne akarudi alipoanzia, ekipe yake imepata mzunguko mmoja, ni kama goli. Mechi ina zamu tisa. Mrushaji wa kuanza, njo yule tunamzungumzia leo, anaanza mechi, anafanya zamu tano, sita, ama saba, halafu wasaidizi wanaingia. Kisha anapumzisha mkono siku nne ama tano. Mpira wa kilomita 160 kwa saa unafika kwa mpigaji kwa muda wa karibu sehemu 4 za kumi za sekonde. Ukipepesa jicho, umekwisha kupita.

Katika fantasi, mrushaji wa kuanza analeta hesabu nne: mechi alizoshinda, straikauti, wastani wa mizunguko aliyoruhusu kwa kila zamu tisa, ambao wanauandika ERA, na WHIP, yaani watu wangapi anawaacha wafike kituoni kwa kila zamu, kwa kupiga ama kwa bure. WHIP ilitungwa na yule yule Okrent. ERA na WHIP, ndogo njo nzuri.

Mtu mpya anakimbilia mechi alizoshinda. Ni kosa, na jina la kuonyesha kosa hilo ni Paul Skenes wa Pittsburgh Pirates. Mwaka 2025 alipata ERA ya 1.97 na straikauti 216. Wapiga kura wote walimchagua kuwa mrushaji bora wa ligi yake, zawadi ya Cy Young, bila hata kura moja kwenda kwa mwingine. Alishinda mechi ngapi? Kumi. Alishindwa ngapi? Kumi. Ekipe yake ilikuwa haipigi mipira, maskini. Unaweza kufunga mlango mzima kama Kidiaba wakati wa siku zake, lakini kama mbele hakuna anayetia goli, mwisho utasema sifuri kwa sifuri. deGrom mwenyewe aliyaonja hayo huko New York Mets mwaka 2018: ERA ya 1.70, Cy Young mkononi, ushindi 10 tu na kushindwa 9. Ushindi ni kazi ya ekipe. Kuulipia bei ya mrushaji ni kumlipa mchimbaji mmoja kwa mzigo wa lori lote.

ERA ni bora kuliko hiyo, ila nayo inadanganya, na udanganyifu wake ni wa akili zaidi. Karibu mwaka 2000 kijana mmoja, Voros McCracken, alitoa wazo ambalo wakubwa wa mchezo walilikataa kwa hasira mwanzoni. Alisema: mpira ukisha kupigwa na kubaki ndani ya uwanja, mrushaji hana nguvu kubwa juu ya kitakachofuata. Katika mipira 10 ya namna hiyo, karibu 3 inaangukia mahali pasipo na mtu, na hiyo 3 haibadiliki sana kati ya mrushaji mkubwa na mrushaji wa kawaida. Mwezi huu ikianguka 4, ERA inapanda na watu wanasema amekwisha. Mwezi ujao ikianguka 2, wanasema amefufuka. Kumbe yeye ni yule yule. Kinachomtegemea yeye kabisa ni vitu vitatu: straikauti, vituo vya bure, na mipira inayopigwa ikatoka nje ya uwanja.

Wazo lile limesahihishwa hapa na pale tangu wakati huo, lakini mzizi wake umebaki. Kwa mtu anayetaka hesabu moja ya haraka, sisi tungempa hii: chukua asilimia ya wapigaji anaowatoa kwa straikauti, ondoa asilimia ya anaowapa bure. Kwa miaka hii ya karibuni mrushaji wa kawaida anatoa 22 hivi kwa mia na kuwapa bure 8 hivi, kwa hiyo inabaki 14. Akifika 20, ni mzuri. Akipita 25, mnada utakuwa mkali. Tarik Skubal wa Detroit Tigers, mwaka 2024, alitoa straikauti 228 na vituo vya bure 35 tu. Aliongoza ligi yake kwa ushindi, kwa ERA na kwa straikauti, vyote vitatu mara moja, halafu mwaka 2025 akachukua Cy Young ya pili mfululizo.

Tubaki kidogo na Skubal, sababu historia yake inaonyesha wanunuzi wa kweli nao wanaweza kupita juu ya jiwe zuri bila kuliokota. Mwaka 2018, wakati ekipe zinachagua vijana, alichaguliwa katika mzunguko wa tisa. Mamia ya vijana walitangulia mbele yake. Alikuwa amekwisha kupasuliwa kisukusuku akiwa bado chuoni, na watu waliogopa. deGrom vile vile: mzunguko wa tisa, mwaka 2010. Wawili hao, kati ya warushaji bora wa kizazi chao, waliachwa kwenye lundo.

Hapo ndipo mashini inaingia. Kamera zilizozunguka uwanja hazingoji kuona mpigaji amefanya nini. Zinapima mpira wenyewe: kasi yake, umezunguka mara ngapi kwa dakika, umehama sentimita ngapi kulia ama kushoto, umeshuka kiasi gani, umeachiwa mkononi kutoka mahali gani. Watu wawili, Eno Sarris na Max Bay, walitengeneza hesabu inayokusanya vyote hivyo katika namba moja, wakaiita Stuff+. Mia ni mpira wa kawaida. Mia na kumi ni mpira mgumu. Uzuri wa namba hii ni kwamba baada ya mechi chache tu inakwisha kusema kitu cha kuaminika, wakati ERA inataka miezi na miezi. Mrushaji kijana akitokea mwezi wa nne akapigwa vibaya mara mbili, wengi wanamtupa. Anayejua kusoma teneri anamwokota.

Mashini inatafuta nini hasa? Kwanza mpira wa kasi. Ukirushwa sawasawa unazunguka kinyumenyume, zaidi ya mara 2,200 kwa dakika, na hewa inaushika kutoka chini. Kweli unashuka, hakuna mpira usioshuka, lakini unashuka kidogo kuliko jicho la mpigaji linavyotazamia. Anapiga chini yake. Kisha mipira ya kukata kona, wanayoita slaida na kevu: moja inakimbilia pembeni, nyingine inaanguka kama kitu kilichotoka kwenye meza. Halafu kuna mpira wa udanganyifu, changeup, ambao sisi tunaupenda kuliko yote. Mkono unakwenda kwa nguvu ile ile, bega lile lile, uso ule ule, lakini mpira unatoka polepole, pengine kilomita 15 kwa saa chini ya mpira wa kasi. Mpigaji amekwisha kupiga, mpira bado uko njiani. Wa Skubal unamfanya mtu mzima azunguke kama mlevi. Skenes naye ana mpira wake usio na ndugu, wanauita splinker: unashuka kama mpira wa udanganyifu, lakini unakuja kwa kilomita 150 hivi.

Usitazame mpira mmoja mmoja tu. Mrushaji mwenye mpira wa kasi wa ajabu na hakuna kingine atafanya kazi zamu moja ama mbili vizuri, kisha wapigaji wakirudi mara ya tatu watakuwa wamemsoma. Huyo atamalizia kwenye kundi la wasaidizi. Mrushaji wa kuanza anahitaji mipira mitatu inayoaminika, minne ni heri. Mnunuzi anapaswa pia kuuliza: ana silaha dhidi ya wapigaji wa mkono wa kushoto na wa mkono wa kulia? Wengi wanaoonekana wazuri mwezi wa nne wana silaha ya upande mmoja tu.

Bon, metoreksi haioni kila kitu. Haioni vizuri kama mtu anajua kuupeleka mpira pale anapotaka. Kyle Hendricks wa Chicago Cubs alikuwa akirusha mpira wa kasi wa kilomita 141 hivi kwa saa, mbali chini ya wengine. Mbele ya mashini ile asingepita. Lakini mwaka 2016 alikuwa na ERA ya 2.13, ndogo kuliko warushaji wote wa ligi kuu, na ni yeye aliyeanzisha mechi ya saba ya fainali, ile iliyowapa Cubs kombe walilolingojea tangu mwaka 1908. Na kabla yake kulikuwa Greg Maddux, aliyechukua Cy Young nne mfululizo, 1992 hadi 1995, bila kuwa na mkono wa kutisha. Alikuwa na macho, na alikuwa na kichwa. Watu wa namna hiyo wako wachache, kwa hiyo usijenge ekipe yako juu ya tumaini la kumpata Maddux mwingine kwa dola mbili. Ila ukikuta mrushaji wa kasi ndogo ambaye miaka mitatu mfululizo hatoi vituo vya bure, usimtupe kwa sababu ya namba moja.

Mahali pa kazi nako kunahesabiwa. Uwanja wa Denver uko karibu mita 1,600 juu ya bahari. Watu wa Kolwezi, wanaoishi zaidi ya mita 1,400, wanajua hewa ya juu ni nyepesi. Huko Denver mpira uliopigwa unaruka mbali zaidi, na mpira wa kukata kona haukati sawasawa, kwa kuwa hewa ya kuushika ni kidogo. Mrushaji wa ekipe ya pale, hata awe mzuri vipi, ERA yake itateseka. Wachezaji wengi wa fantasi hawamnunui kabisa. Ni uonevu juu ya mtu, lakini ni hesabu sahihi.

Mpaka hapo ni habari ya ubora. Sasa turudi kwenye kisukusuku.

Tarehe 25 mwezi wa tisa 1974, daktari Frank Jobe alimpasua mrushaji wa Los Angeles Dodgers aitwaye Tommy John. Alitoa kano kutoka mkono mmoja akaishonea kwenye kiwiko cha mkono mwingine. Hapo mbele, kano ile ikikatika mrushaji alirudi nyumbani, kazi imekwisha. Tommy John alirudi uwanjani, akashinda mechi nyingine 164, akacheza mpaka mwaka 1989. Upasuaji ukachukua jina la mgonjwa. Hiyo ni habari njema. Habari mbaya ni kwamba kilichokuwa dawa ya mtu mmoja kimekuwa sehemu ya kazi.

Mwezi wa kumi na mbili 2024 ligi kuu yenyewe ilitoa ripoti ndefu, baada ya kuuliza watu zaidi ya 200: madaktari, makocha, warushaji wa zamani. Ndani yake kuna hesabu ambazo kila mnunuzi angezibandika ukutani. Mwaka 2008 mpira wa kasi wa kawaida ulikuwa karibu kilomita 147 kwa saa. Mwaka 2024 ulikuwa karibu 152. Na upasuaji wa Tommy John, ukihesabu ligi kuu pamoja na ligi zilizo chini yake, ulikuwa 104 mwaka 2010. Mwaka 2024 ukafika 281. Ripoti haikuzunguka: kutafuta kasi, kutafuta mipira yenye namba kubwa, na kurusha kwa nguvu yote kila mara, hivyo njo vinavyovunja mikono.

Tusome hapo polepole. Vitu vile vile ambavyo mashini inavisifu, vinavyopandisha bei ya kijana, njo vinavyomkata kano. Zamani mrushaji alijua kujibana. Alikuwa na zamu tisa mbele yake, akaweka nguvu akiba kwa wakati wa hatari. Leo anaambiwa: toa yote, zamu tano zinatosha, mwingine atakuja. Mchimbaji anayelipwa kwa gunia anaijua sauti hiyo. Hakuna anayemlazimisha kuzidisha. Ni bei tu inayomwita, na mgongo unalipa baadaye, wakati negosiani yuko mbali.

Majina hayakosekani. Spencer Strider wa Atlanta Braves, mwaka 2023, alishinda mechi 20 na kutoa straikauti 281. Kwenye minada ya fantasi ya mwaka uliofuata alikuwa kati ya warushaji wa kwanza kununuliwa. Mwezi wa nne 2024, baada ya mechi mbili, kisukusuku. Sandy Alcantara wa Miami alionekana kama mtu wa chuma: mwaka 2022 alimaliza peke yake mechi sita, jambo ambalo siku hizi karibu halionekani tena, akapewa Cy Young. Mwaka uliofuata, kisukusuku. Shohei Ohtani mwenyewe, Mjapani ambaye ulimwengu wote unamjua, alipasuliwa mwezi wa tisa 2023. Kurudi kunachukua mwaka na miezi kadhaa, na mwaka wa kwanza wa kurudi mara nyingi mtu anakosa kuupeleka mpira pale anapotaka, hata kama kasi imerudi.

Kinachotuuma zaidi ni watoto. Madaktari wa Marekani waliotazama upasuaji huu wa miaka 2007 hadi 2011 waliona kwamba zaidi ya nusu ulifanyiwa vijana wenye miaka 15 hadi 19. Wazazi wanawalipia makocha, wanawanunulia mashini za kupima kasi, sababu wanajua wanunuzi watatazama namba hiyo mbele ya yote. Ligi kuu na shirikisho la besiboli la nchi wameweka kanuni: mtoto wa miaka 9 ama 10 asirushe zaidi ya mipira 75 kwa siku, wa miaka 15 ama 16 isizidi 95, na kila mtoto apumzike kurusha angalau miezi minne kwa mwaka. Kanuni ni nzuri. Kuifuata ni kazi ya baba na mama, siku ya Jumapili, wakati kocha wa ekipe nyingine anatazama kutoka jukwaani.

Kwa mtu wa fantasi, haya yote yanakuwa swali la feza ya karatasi. Wazoefu wengi wanafanya hivi: katika dola 260, sehemu kubwa inakwenda kwa wapigaji, na warushaji wanapata kama theluthi moja. Si kwamba warushaji hawana thamani. Ni kwamba mpigaji wa dola 35 mara nyingi atakuwa bado uwanjani mwezi wa nane, na mrushaji wa dola 35 hujui. Sisi tungenunua mmoja wa juu, Skubal ama Skenes, tukiwa tayari kwa lolote, kisha tungetafuta wengine kati ya dola 3 na 10, wale ambao asilimia ya straikauti yao ni nzuri lakini ERA ya mwaka jana ilikuwa mbaya kwa bahati.

Na tungesoma ishara za mkono. Mrushaji aliyekuwa akirusha kilomita 155 na mechi mbili mfululizo anarusha 151, usingoje radio ikuambie. Aliyeacha ghafla slaida aliyokuwa akiitegemea, uliza juu ya nini. Aliyeruka kutoka zamu 90 mwaka jana mpaka 180 mwaka huu, mtazame kwa makini mwezi wa nane. Aliyekwisha kupasuliwa mara moja anaweza kuwa mali, Skubal njo shahidi, mkono wake umepasuliwa mara mbili kabla ya utukufu wake wote. Aliyepasuliwa kisukusuku kile kile mara mbili ni habari nyingine, na bei yake lazima iseme hivyo.

deGrom ni wa kundi hilo la pili. Mwaka 2024 alirudi mwishoni mwa saizoni, mechi tatu tu. Mwaka 2025, akiwa amefikisha miaka 37, alianzisha mechi 30, akashinda 12, ERA ya 2.97, straikauti 185, na akapewa zawadi ya mchezaji aliyerudi vizuri kuliko wote. Mpira wake wa kasi ulikuwa umepungua kidogo kuliko ule wa 2021. Mwenyewe alikuwa amesema angejaribu kutorusha kila mpira kwa nguvu yote. Wale waliomnunua mwezi wa tatu mwaka huo hawakulipa bei ya zamani, maana wengi kwenye mnada walikuwa wamekwisha kumwandika kama mgonjwa.